Mpangaji wa Minnesota: jinsi ya kudai sehemu ya pango lako unapofaili kodi

Kwenye kodi ya serikali kuu ya Marekani, pango la nyumba unayoishi halikupunguzii chochote. Ulipe dola 900 kwa mwezi au 2,000, fomu 1040 haina mahali pa kuliandika. Wengi wakishaambiwa hivyo huishia hapo, na ndipo wanapoacha fedha zao, kwa sababu jimbo la Minnesota lina utaratibu wake uitwao Renter's Credit. Ukistahili, unalipwa hata kama hudaiwi kodi hata senti moja. Nawaandikia hasa ndugu zetu wanaopanga Brooklyn Park, Brooklyn Center na St. Paul.

Msingi wake ni kwamba mwenye nyumba hulipa kodi ya jengo kutokana na pango lako. Jimbo linachukua asilimia 17 ya pango hilo kuwa ndiyo mchango wako. Ukilipa dola 1,200 kwa mwezi, kwa mwaka ni 14,400, na asilimia 17 yake ni 2,448. Hiyo si hundi utakayopata. Inalinganishwa na mapato yako kwenye jedwali, na kadiri mapato yanavyopanda ndivyo malipo yanavyopungua. Kwa mwaka wa kodi 2024, ukomo wa mapato ulikuwa karibu dola 75,390 na malipo ya juu kabisa 2,640. Wenye watoto au tegemezi wengine hupunguziwa kiasi fulani kwenye hesabu ya mapato, kwa hiyo usijiondoe mapema.

Kwanza, angalia kama unastahili. Uwe umeishi Minnesota angalau siku 183 za mwaka huo, na asiwepo mtu anayeweza kukuandika kama tegemezi wake. Jengo nalo liwe linalipiwa kodi ya majengo au malipo mengine badala yake. Bweni la chuo cha umma kwa kawaida halimo.

Pili, pata CRP. Hii ndiyo karatasi ya kushikilia. Ni cheti cha pango lililolipwa, na sheria inamtaka mwenye nyumba akupe kabla ya Januari 31 kuisha. Ikifika, isome kabla ya kuiweka kwenye bahasha: jina lako limeandikwa sawasawa? Miezi uliyokaa ni sahihi? Kiasi cha pango je? Kama sehemu ya pango inalipwa na Section 8, yaani mpango wa serikali wa kusaidia kulipa pango, inayohesabiwa ni ile uliyotoa wewe tu.

Mnaoishi pamoja, sikilizeni vizuri. Kila mtu mzima anayeishi humo anapata CRP yake, na pango linagawanywa sawa kwa sawa hata kama mmoja ndiye aliyekuwa akilipa. Mume na mke hupewa moja. Nimeona kaka wawili na binamu yao wakitumia karatasi moja kwa jina la mkubwa wao, wengine wawili wakabaki bila kitu, na walikuwa na haki kamili. Ukihama katikati ya mwaka, dai CRP kwa kila mwenye nyumba.

Mwenye nyumba akikuzungusha, mkumbushe kwa maandishi. Machi ikiingia bila karatasi, piga simu Idara ya Mapato ya Minnesota, 651-296-3781, uombe kiapo cha pango, RPA, cha kutumia badala ya CRP. Uwe na jina na anwani ya mwenye nyumba, miezi uliyoishi, na risiti au taarifa za benki. Anayelipa taslimu adai risiti kila mwezi, tangu sasa.

Tatu, jaza na utume. Hadi mwaka wa kodi 2023 ombi hili lilikwenda peke yake kwa fomu M1PR. Tangu 2024 linajazwa kwenye jedwali M1RENT, linaloambatana na fomu M1 ya jimbo pamoja na nakala za CRP. Mzee asiye na mapato ya kutosha kulazimika kufaili lazima naye atume M1, la sivyo hapati kitu. Usilipe mtu mamia ya dola kwa kazi hii: vituo vya VITA, yaani vya watu wanaojitolea kusaidia kufaili kodi, hujaza bure kwa wenye kipato cha kawaida.

Na kama ulishafaili ya 2024 bila M1RENT, tafuta CRP ya mwaka ule uirekebishe kwa fomu M1X.