Unguja mpaka Muscat: namna ya kuisoma tiketi na kuijua safari

Mama yangu ana wajukuu watatu Muscat, na safari zake mimi ndiye ninayezishughulikia. Safari ya kwanza nilimkosesha ndege. Tiketi iliandikwa Jumanne, 00:35. Nikamwambia tutatoka Jumanne baada ya Isha. Tulipofika uwanjani, kijana wa kaunta akaweka kidole juu ya tarehe: ndege imeondoka usiku wa kuamkia leo. Mama alisimama na kikapu chake cha kashata na karafuu, asiseme neno.

Kwa hiyo anza na siku. Tiketi huianza siku saa sita ya usiku; sisi siku yetu huanza jua likizama. Hiyo 00:35 ya Jumanne ndiyo mama anayoiita usiku wa Jumanne, yaani Jumatatu ikishakuchwa. Ningemuuliza yeye, angenambia sawasawa. Ukiona saa inaanza na 00 mpaka 04, toka nyumbani siku ya nyuma yake, na uwe uwanjani saa tatu kabla.

Saa zenyewe ni nyepesi. Kuanzia 07 mpaka 18 toa sita: 16:00 ni saa kumi. Kuanzia 19 mpaka 23 toa kumi na nane: 22:15 ni saa nne na robo usiku. Kuanzia 00 mpaka 06 ongeza sita. Usimsomee mzee "saa tano" kwa kuwa umeona 05:00. Hiyo ni saa kumi na moja alfajiri.

Sasa muda wa angani. Tiketi ya mama ilionyesha kufika 06:50. Ukitoa 00:35 unapata saa sita na robo, lakini si kweli, maana kila mji huandikiwa saa yake, na Oman wametutangulia kwa saa moja. Wakati wa kwenda, punguza hiyo moja: zinabaki saa tano na robo. Wakati wa kurudi, iongeze. Mwenye dawa za sukari au presha ahesabu kwa muda huu wa kweli, si kwa saa ya ukutani.

Ukitaka kuhakikisha, pima umbali. Unguja iko digrii 6 hivi kusini ya ikweta, Muscat karibu 24 kaskazini. Kwa kuwa ziko pande mbili tofauti, unajumlisha: digrii 30, kila moja kilomita 111. Lakini ndege haiendi kaskazini tu, inakwenda mashariki pia, kutoka digrii 39 mpaka 58, na ukiunganisha njia hizo mbili kwa mshazari unapata kilomita 3,900 hivi. Ndege kubwa ikishatulia juu hukata kilomita 800 na kitu kwa saa. Gawanya, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Utaikuta ileile saa tano na robo. Ikizidi sana, tazama tena tiketi: huenda kuna kituo njiani, na mzee atabadilisha ndege peke yake.

Siku hizi nikishapiga hesabu huandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni kwa mama. Ya mwezi huu inasema: Jumatatu, tukishasali Isha, tunatoka.