Jalidi ya Minnesota: Okoa Mchicha, Sukuma Wiki Iache

Kwa sisi tunaolima mboga za nyumbani Minneapolis na vitongoji vyake, msimu ni mfupi. Unapanda baada ya katikati ya Mei, na mwanzoni mwa Oktoba, miaka mingine hata Septemba, jalidi, yaani baridi ya usiku inayogandisha umande na majani, imeshaingia. Mtu wa Kinangop au Njombe anaijua. Aliyekulia Mombasa anaweza kuamka akakuta majani yamelegea na kuwa meusi, kama yaliyochemshwa, akadhani ni ugonjwa.

Kabla ya kutoa mashuka kabatini ili ufunike bustani, tenganisha mimea yako. Mchicha, kunde, mnavu, nyanya, pilipili, maboga na viazi vitamu ni vya kuokoa. Usiku mmoja wa kuganda unatosha kuvimaliza. Sukuma wiki wala usihangaike nayo. Jalidi nyepesi haiitishi, tena baridi huifanya igeuze wanga kuwa sukari, na kwangu mimi hakuna sukuma inayoishinda ya Oktoba. Dhania nayo huvumilia kiasi.

Utabiri wa huku hutolewa kwa Farenhaiti. Maji huganda nyuzi 32, lakini ukizisubiri umechelewa. Kipimajoto cha wataalamu huwekwa juu, karibu na usawa wa kichwa, ilhali usiku usio na mawingu wala upepo baridi hukaa chini, kwenye udongo na majani. Ndiyo maana simu inaweza kukuonyesha 36 na asubuhi ukakuta umande umeganda. Mimi nikiona anga haina mawingu, upepo umetulia na utabiri uko chini ya 38, nafunika.

Hapo kwenye kufunika ndipo wengi wanapopoteza mimea. Joto linalouokoa mmea hutoka udongoni, ambao umeota jua mchana kutwa. Ukikusanya shuka na kulifunga kwenye shina, joto hilo linapanda pembeni na kupotea. Liache lishuke mpaka chini pande zote, kisha ubane kingo kwa mawe. Funika kabla jua halijazama. Shuka kuukuu au khanga zilizochoka zinafaa. Nailoni ikigusa jani, jani hilo huganda, kwa hiyo isimamishe kwa vijiti. Udongo ukiwa mkavu, umwagilie mchana huo, maana udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi. Asubuhi baridi ikivunjika, funua.

Mchaichai na mndimu wa kwenye chungu viingize ndani mapema, usiku ukianza kushuka chini ya 50. Geuza majani kwanza uangalie vidukari, uvioshe nje, la sivyo utavifuga sebuleni mpaka Mei. Viweke dirisha la kusini na upunguze maji.

Utabiri ukisema 28, shuka halitakusaidia, vuna tu. Nyanya zilizoanza kubadilika rangi zitaivia jikoni. Viazi vitamu vichimbe kabla udongo haujapoa sana, na majani yakishapigwa na jalidi, chimba siku hiyohiyo, maana uozo huanzia kwenye mashina na kushuka. Mchicha na kunde chuma vyote, tokosa dakika mbili, tia kwenye maji baridi, kamua, ugandishe kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja. Masuke ya mchicha yaliyokomaa yaanike gereji juu ya gazeti. Hiyo ndiyo mbegu ya mwakani.