Kuchangia seli shina ukiwa Uingereza: hatua kwa hatua

Mimi ni muuguzi kwenye chumba cha kukusanyia seli shina hapa Uingereza. Kila nikikutana na watu wa nyumbani, iwe harusini au msibani, naulizwa swali lile lile: "Dada, si wanatoboa uti wa mgongo?" Hapana. Uti wa mgongo hauguswi. Kinachotafutwa ni seli shina, yaani seli zinazozaa damu, na makao yake ni uboho, ule ulio ndani ya mifupa.

Mgonjwa wa saratani ya damu, au mtoto wa selimundu, anaweza kuhitaji seli za mtu anayeoana naye kwa alama za HLA, yaani alama za kurithi zilizo juu ya seli, ambazo kinga ya mwili huzitumia kutambua kilicho chake na kigeni. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huwapandikiza watoto wa selimundu kwa uboho wa ndugu zao. Asiye na ndugu anayeoana naye hutafutiwa mtu baki kwenye madaftari ya dunia ya waliojitolea kuchangia, yenye majina zaidi ya milioni 40. Alama hizi hufuata asili, na Waafrika tuliojiandikisha ni wachache mno. Ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Amua kwanza, ujiandikishe baadaye

Hapa ndipo panaponiuma. Siku chache kabla hujatoa seli, mgonjwa huanza dawa kali za kuua uboho wake. Kuanzia hapo mwili wake hauwezi tena kujitengenezea damu wala kinga. Una haki ya kukataa wakati wowote, lakini ukikataa katika siku hizo unaweza kumuua. Kama una shaka, sema mapema, hakuna atakayekulaumu. Zungumza na mama, mume au mke sasa hivi, maana wengi hurudishwa nyuma na familia iliyosikia habari kwa mara ya kwanza siku simu ilipoingia.

Hatua ya 2: Jaza fomu

Kuna mashirika ya hisani yanayoandikisha wachangiaji: Anthony Nolan huandikisha wenye miaka 16 hadi 30, DKMS 17 hadi 55. Chagua moja tu, inatosha. Hulipi, na wala hulipwi. Maswali ya afya yajibu kwa ukweli mtupu.

Hatua ya 3: Vijiti vya pamba

Vinakuja kwa posta, ni vya kuchukua seli za shavuni ili zipimwe alama zako za HLA. Usile wala kunywa kabla, kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo. Sugua kila kijiti ndani ya shavu, kwa nguvu kiasi, mpaka muda uishe. Usiviguse ncha. Rudisha bahasha wiki hiyo hiyo, isije ikalala juu ya friji.

Hatua ya 4: Patikana

Unaweza kukaa miaka bila kuitwa, au usiitwe kamwe. Ukihama au ukibadilisha namba, wajulishe.

Hatua ya 5: Ukiitwa

Utatolewa damu kuhakikisha mnaoana, kisha utapimwa mwili mzima. Taja dawa unazotumia, safari za nyumbani, malaria uliyougua, ujauzito, na kama umerithi kinasaba cha selimundu. Nauli na mshahara unaokatwa kwa siku hizo hurudishwa, uliza mapema.

Hatua ya 6: Kutoa

Wengi, kama tisa kati ya kumi, hutoa kupitia mishipa ya mikono. Siku nne unachomwa sindano zinazosukuma seli shina zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu. Mifupa itauma, hasa kiuno na mapaja, kama mtu anayeanza homa. Panadol husaidia. Usibebe mizigo mizito wala kucheza mpira, kwa sababu bandama huvimba kidogo.

Siku ya tano unalala kwenye kiti kwa muda wa saa nne au tano. Damu inatoka mkono mmoja, mashine inachuja seli, inayobaki inarudi mkono wa pili. Midomo ikianza kuwasha kama umekula pilipili, niambie usinyamaze: ni dawa ya kuzuia damu isigande, inashusha kalsiamu, na tunayo tiba yake pale pale. Nenda haja kabla hatujakuunganisha.

Wachache huombwa uboho wenyewe. Unapewa nusu kaputi, daktari anauvuta kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, kwa nyuma. Utalala hospitali usiku mmoja au miwili, kiuno kitakaza kwa siku kadhaa, na uboho hujirudishia baada ya wiki chache.

Mwishoni nakuonyesha mfuko: rangi ya mchuzi wa nyanya mzito, unashikika kwa kiganja kimoja. Una namba tu, hauna jina. Unaingia kwenye kasha la baridi, mjumbe anaondoka nao. Hapa Uingereza hamtajuana, wewe na mgonjwa, kwa angalau miaka miwili. Kabla ya hapo mnaweza kuandikiana barua zisizo na majina, na za kwanza nilizowahi kukabidhi zilisomwa pale pale koridoni, kwa kusimama.