Kabla tela halijaondoka: mambo ya kuzingatia unapofunga vifaa vizito vya ujenzi

Kwenye matela yasiyo na kuta za pembeni, hatari kubwa inatokana na imani kwamba mzigo mzito umejishikilia wenyewe. Tani 10 za nondo hazitingishiki mkiwa mnazipakia, lakini dereva akikanyaga breki ghafla, lori husimama na nondo zikaendelea na safari. Viwango vya Ulaya na kanuni za Marekani vinakubaliana hapa: mzigo uzuiwe kiasi cha kuhimili msukumo wa mbele sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa tani 10, huo ni msukumo wa tani 8 kuelekea kabini.

Sasa tazama kinachoshindana na msukumo huo. Chuma kilicholala juu ya sakafu ya mbao iliyo kavu na safi kina msuguano wa takriban 0.3, yaani tani 10 zinajizuia kwa tani 3 tu. Tani 5 zilizobaki lazima zizuiwe na kitu kingine. Wengi hutegemea mikanda ya kupitisha juu, na hapo ndipo lebo ya mkanda husomwa vibaya. Mkanda wa milimita 50 ulioandikwa LC 2500 daN (LC ni uwezo wa mkanda, na daN 1 ni karibu nguvu ya kilo 1) unaweza kuvutwa hadi karibu tani 2.5 bila kupita uwezo wake. Lakini racheti ya kawaida, yaani kifaa cha kukazia mkanda, ikikazwa kwa mkono huuvuta kwa takriban kilo 300 tu, na namba hiyo imeandikwa kwenye lebo hiyohiyo, mbele ya herufi STF, yaani nguvu inayobaki kwenye mkanda baada ya kukazwa kwa mkono. Ukipita juu ya mzigo na kushuka wima pande zote mbili, mkanda unakandamiza kwa kilo 600 hivi. Piga hesabu: ili tani 10 za chuma zizuiwe na msuguano peke yake zinahitaji mikanda 28, na hapo bado hujaongeza ziada ya usalama. Hakuna anayefunga mikanda 28. Weka chini ya mzigo huohuo mpira maalumu wa kuzuia kuteleza, msuguano upande hadi 0.6, na mikanda inashuka kuwa 6.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hata mkanda haujatolewa kwenye sanduku, ni hili: mzigo umeegemea nini mbele, na umelalia nini chini?

Anza na sakafu. Fagia mchanga, kokoto, vumbi la saruji na matope. Punje ndogo chini ya chuma hufanya kazi ya magurudumu. Doa la oili lisuguliwe hadi liishe. Mpira ukitumika, hakikisha mzigo haugusi sakafu mahali popote, na kama kuna mbao za kulalia mzigo, mpira uwe chini ya mbao na juu yake pia. Wengi huweka upande mmoja tu, na mzigo huteleza juu ya mbao. Mbao zenyewe ziwe ngumu, zisizo na ufa, zilazwe kwa upande wao mpana. Ubao uliosimamishwa kwa upande mwembamba huviringika mzigo unaposukuma. Mkipanga tabaka mbili au zaidi, mbao za tabaka la juu zikae moja kwa moja juu ya zile za chini, la sivyo mzigo wa chini unapinda.

Mbele, mzigo uguse ukuta wa mbele wa tela ikiwa ukuta huo ni imara na mgawanyo wa uzito unaruhusu. Kwenye matela mengi hauruhusu: vyuma vifupi vizito vikisukumwa hadi mbele kabisa, ekseli za kichwa cha lori zinazidiwa. Vikirudishwa nyuma mno, pini ya kuunganishia tela inapungukiwa uzito na magurudumu yanayovuta yanateleza mlimani. Weka kitovu cha uzito katikati ya upana wa tela, chini iwezekanavyo, kati ya pini na ekseli za tela. Nafasi inayobaki mbele ijazwe kwa fremu ya mbao au chuma inayofika hadi ukutani, au mzigo uvutwe nyuma kwa minyororo iliyopita mbele yake na kushuka kwa mshazari hadi kwenye fremu ya tela.

Vifaa vya kufungia vikaguliwe kimoja kimoja, mchana, mkanda ukiwa umenyooshwa wote. Mkanda usio na lebo usitumike, kwa sababu hakuna anayejua uwezo wake. Uliokatika pembeni kwa zaidi ya asilimia 10 ya upana, ulioungua au uliowahi kufungwa fundo, utupwe. Fundo peke yake hula sehemu kubwa ya nguvu. Ndoano iliyofunguka haipigwi nyundo irudi. Kwenye mhimili wa racheti mkanda uzunguke angalau mara moja na nusu na usizidi mara tatu. Na mpini wa racheti usirefushwe kwa kipande cha bomba: ama unavunja racheti, ama unaachia ghafla na kupiga mtu kifuani. Kwa mihimili ya zege na vyuma vizito, mnyororo unafaa zaidi. Wa milimita 8 daraja la 80 (kiwango cha uimara wa chuma chake) una uwezo wa takriban tani 4, na wa milimita 10 tani 6.3. Ndoano zishike vituo vya kufungia vilivyo kwenye fremu, wala si reli nyembamba ya pembeni.

Pembe nayo ina hesabu yake. Mkanda unaoshuka wima unakandamiza kwa nguvu yake yote. Ukilala kwa nyuzi 30 kutoka kwenye sakafu, nusu imepotea. Ndiyo maana mzigo mfupi wa kimo, kama mabati yaliyolazwa katikati ya tela pana, haushikiki vizuri kwa mikanda ya juu. Uinue kwa mbao au uuzuie pembeni kwa vigingi.

Nondo zinahitaji uangalifu wa pekee. Chuma juu ya chuma kinateleza, na fungu lililobanwa kwa nje bado linaweza kuachia nondo za katikati zikachomoka kama mikuki. Zungushia kila fungu mkanda au mnyororo duara kamili, uukaze hadi nondo zibanane, ndipo ufunge kwenye tela. Kanuni za Marekani zinataka nondo za mita 12 zisizozuiwa mbele zifungwe sehemu 5 angalau, na jumla ya uwezo wa vifungio isipungue nusu ya uzito. Kati ya masharti hayo mawili, linalotaka vifungio vingi zaidi ndilo linalofuatwa. Mabomba na makalavati yawekewe kabari pande zote mbili, zilizopigiliwa kwenye mbao za kulalia, na kabari ziwepo kabla kreni haijaachia. Mabati yanakata: weka vilinda-kona kila mkanda unapopita, na ufunge karibu na ncha ya mbele, kwa sababu upepo ukiingia chini ya bati la juu hulinyanyua. Saruji na matofali kwenye paleti yazungushiwe plastiki ngumu kwanza, na ubao mpana uwekwe juu ili mkanda usizame kwenye mifuko. Hapo nguvu ya kukaza inapungua haraka, kwani mifuko inajikandamiza yenyewe.

Kagua baada ya kilomita chache za mwanzo. Marekani wanataka iwe ndani ya kilomita 80, kisha kila kilomita 240 au saa 3, lakini kwenye barabara ya makorongo simama mapema zaidi. Mvua ikinyesha, kagua tena.

Kushusha nako kuna maandalizi yake. Kabla ya kufungua mkanda wowote, dereva na utingo wazunguke tela kuangalia kama mzigo umeegemea upande mmoja. Ulioegemea ushikiliwe kwanza na kreni au foko. Racheti zifunguliwe mtu akiwa upande ambao mzigo hauwezi kumwangukia, na asiwepo yeyote upande wa pili.