Kutafuta Nova za Andromeda kwa Picha Zilizohifadhiwa

Mwanafunzi niliyemsaidia kazi hii hapa Tabora aliniuliza kwa nini tusitumie darubini yake ndogo badala ya kompyuta. Kwetu galaksi ya Andromeda haipandi zaidi ya nyuzi 44 upande wa kaskazini, na inapokaa vizuri jioni za Novemba mvua huwa zimeanza. Tena kwa umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi, nova zake nyingi, yaani nyota zinazolipuka na kung'aa ghafla kwa muda, ni hafifu mno. Ndiyo maana tunatumia picha za ZTF, kamera ya Palomar nchini Marekani, ambazo hutolewa bure.

Hatua ya kwanza ni kupakua picha za kichujio chekundu, kwa kuwa haidrojeni ya nova hung'aa sana katika nuru hiyo. Chukua siku zinazofuatana kwa karibu: nova M31N 2008-12a, inayolipuka takribani kila mwaka, hufifia magnitudo 2 (kipimo cha mng'ao wa nyota) kwa siku mbili hivi, na ukiruka wiki moja hutaiona.

Hatua ya pili ni picha ya rejea, ya kulinganisha na picha za kila usiku. Unganisha picha kali, yaani zisizo na ukungu, za msimu mwingine.

Hatua ya tatu, kupanga picha zikae sawasawa nyota kwa nyota, ndiyo iliyonikesha. Nilipotoa picha moja katika nyingine mara ya kwanza nilihesabu "nova" 37, nikafurahi bure, kwani kila moja ilikuwa doa jeupe lililobanana na doa jeusi, dalili ya picha zilizopishana kwa sehemu ya pikseli. Nova ya kweli haina kivuli hicho. Nilirudia kazi yote mara nne kabla ya kutambua kwamba nilikuwa nikipanga picha nzima kwa mkupuo mmoja, ilhali upotofu wa lenzi hubadilika kutoka katikati kwenda pembeni. Kata picha vipande vya pikseli 1,000 kwa 1,000 na upange kila kimoja peke yake. Usitegemee nyota zilizojaa nuru hadi kufurika, kwa maana kitovu chake hakipimiki, wala usizihamishe pikseli zaidi ya mara moja, kwa sababu kila uhamisho huzitia ukungu. Karibu na kiini cha galaksi, hata ukifanya yote haya, mabaki yatakuwapo. Sehemu hiyo mimi huiacha.

Hatua ya nne ni kutoa rejea katika picha ya usiku kwa HOTPANTS, programu ya kuandikiwa amri. Programu za kubofya sizipendekezi, maana hazikuonyeshi zilichofanya. Iamuru kwa -c t ili rejea, iliyo kali zaidi, ndiyo ilainishwe. Picha ya usiku ikiwa kali kuliko rejea, iache.

Mwisho, doa lililobaki lionekane katika picha mbili au zaidi, kwani mionzi ya anga hugonga picha moja tu. Kisha fungua picha za miaka iliyopita mahali hapo hapo: likiwa limewahi kung'aa na kufifia polepole kwa miezi mingi, ni nyota badilifu ya aina ya Mira, hata kama leo linaonekana jipya kabisa.