Sola ya zahanati inayostahimili masika: hatua ninazofuata bondeni na pwani

Majuzi nilipanda paa la zahanati moja bonde la Rufiji nikiwa na fundi mwenzangu. Inveta yao (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika kwenye vifaa vya kawaida) ilikuwa inagoma kila asubuhi, na ikifika saa tano inawaka yenyewe kama vile haikuwa na shida. Tulipomaliza aliniomba nimwandikie hatua zote ninazofuata tangu mwanzo, nami nikaona bora niziweke hapa, mafundi wengine wazipate.

Kwanza, kwa nini zahanati iwe na umeme wake hata kama nguzo za gridi zimefika. Mwishoni mwa 2022 tuliingia kwenye mgao kwa sababu mabwawa yalipungukiwa maji. Aprili 2024 mto Rufiji ukafurika, ukazamisha nyumba na mashamba. Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikaja pwani, na barabara ya kwenda Lindi ikakatika upande wa Kilwa. Ukame unakukatia umeme, mvua nayo inakukatia njia ya kuleta fundi, na katikati ya hayo mama anajifungua usiku. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yanahusu mfumo kubaki hai wiki ile mbaya kuliko zote. Ukubwa wake ni jambo la pili.

Hatua ya 1: Tafuta alama ya maji

Kabla ya kutoboa ukuta, tembea kijijini. Msalimie mzee anayeishi jirani na zahanati, muulize maji ya El Niño ya 1998 yalifika wapi, na ya 2024 je. Usiishie kwa mtu mmoja. Kisha angalia kuta za nyumba za zamani: tope huacha mstari, na mstari hausahau. Chora alama ya juu kabisa kwa chaki kwenye ukuta wa zahanati, ongeza sentimita 60. Betri, inveta na breka zote zikae juu ya hapo.

Kama alama inakupita kichwa, usilazimishe chumba hicho. Omba chumba kwenye jengo lililo mwinuko, hata kama waya utakuwa mrefu zaidi.

Betri moja ya lithiamu ya kilowati-saa 5 ina uzito wa kilo 45 hadi 50, na kuta za matofali ya udongo hazibebi mzigo huo kwa kuning'iniza. Mimi huchomelea stendi ya vyuma vya pembe inayosimama sakafuni, ukuta unaishika tu isiyumbe. Lakini ukipandisha vitu juu unavisogeza kwenye joto la bati. Betri za asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kila joto linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 nyingine. Chagua chumba chenye dari, chenye matundu ya hewa juu na chini, na ukuta usiopigwa na jua la mchana.

Betri za asidi siku hizi sizifungi tena kwenye zahanati za bondeni. Zikizamishwa zinamwaga tindikali ndani ya maji yale yale ambayo watu wanayakanyaga.

Hatua ya 2: Hesabu ya mzigo

Wati mara saa, jumlisha, unaijua. Nasisitiza moja tu: jokofu la chanjo lisichangie betri na taa na chaja za simu. Liwe na paneli zake. Majokofu ya sola yasiyotumia betri, yanayohifadhi baridi kwenye barafu yake yenyewe, hutengenezwa yashike nyuzi 2 hadi 8 kwa siku tatu au zaidi bila jua. Mawingu ya masika yakitanda na mtu akaacha redio inawaka usiku kucha, chanjo isiwe ndiyo inayolipa.

Hatua ya 3: Paa

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Paneli iliyofungwa kwenye bati peke yake itaondoka na bati. Skrubu zipite kwenye bati ziingie kwenye papi na kenchi, na kabla ya hapo panda darini uzikague mbao zenyewe. Zenye mchwa zibadilishwe kwanza, na kama bajeti hairuhusu, simika paneli chini juu ya nguzo za zege, zilizo ndefu kuliko alama ya maji.

Kaa mbali na kingo za paa, kwa sababu upepo huvuta zaidi pale pembeni. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi kati ya bati na paneli ili hewa ipite, maana paneli ikichemka inatoa umeme pungufu. Pwani tumia bolti za chuma kisichoshika kutu. Zile za kawaida zilizopakwa zinki, chumvi inazila haraka, hasa zikigusana na alumini.

Hatua ya 4: Waya kutoka paani hadi ndani

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili nzima kwenye kazi yangu moja miaka ya nyuma, na ndipo penye ugonjwa wa zahanati ya majuzi. Soma polepole.

Dalili ni hii: asubuhi yenye umande, au baada ya mvua, inveta inaonyesha kosa la uvujaji kwenda ethi (waya wa kwenda ardhini) na inakataa kuwaka. Jua likikausha bati, kosa linatoweka. Mara ya kwanza nilibadilisha inveta, nikafungua kila boksi, na kwa kuwa nilikuwa nafanya kazi mchana kila kitu kilipima kizima. Kosa la umande litafute kwenye umande. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Tuchukue paneli 6 zilizofungwa kwa mfululizo, kila moja volti 49 bila mzigo, jumla volti 294. Umeme huu unaua. Zima mzigo wote kwanza, kisha swichi ya paneli, ndipo uchomoe waya za paneli kwenye inveta. Usichomoe kiunganishi umeme ukiwa unapita, kitatoa cheche ndefu isiyozimika kirahisi. Vaa glavu zinazofaa, tumia mita na waya zake zilizoandikwa volti 1000.

Pima chanya na hasi: upate karibu 294. Asubuhi inaweza kuwa pungufu, iandike hiyo uliyoipata. Sasa pima chanya na ethi, kisha hasi na ethi. Mfumo ukiwa mzima, namba zote mbili zinashuka taratibu kuelekea sifuri. Zikisimama palepale, kuna mahali panavuja, na zenyewe zinakuambia wapi. Majuzi tulipata 196 kwa chanya na 98 kwa hasi. Gawanya 98 kwa 49, unapata 2. Hesabu paneli mbili kuanzia upande wa hasi: tatizo liko kwenye kiungo kati ya paneli ya pili na ya tatu. Tulipanda tukakikuta kiunganishi kimelala kwenye mfereji wa bati, ndani ya maji.

Tahadhari zake. Kama jumla ya asubuhi si 294, gawanya jumla uliyoipata kwa 6 upate volti za paneli moja, usitumie 49. Kama upande mmoja unasoma karibu sifuri na mwingine unasoma jumla yote, waya mrefu wa ule upande wa sifuri ndio umechubuka, mara nyingi pale unapopita kwenye ncha ya bati. Namba zikikataa kugawanyika vizuri, huenda sehemu mbili zinavuja kwa pamoja, au maji yameingia kwenye kiboksi cha nyuma ya paneli. Rekebisha moja, pima upya.

Kwa nini kiunganishi kilichoandikwa kuwa hakipitishi maji kilipitisha? Dume lilikuwa la kampuni moja na jike la nyingine. Vinaingiana, vinatoa mlio, lakini mpira wa ndani haukai sawa. Pia vilibanwa kwa koleo la kawaida. Nunua koleo la kubania viunganishi. Ukiniuliza uchague kipi kati yake na paneli moja ya ziada, nitasema koleo. Usifunike kosa kwa silikoni, inafungia maji ndani.

Viunganishi vyote vining'inie chini ya paneli, vifungwe kwenye reli kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Vile vikanda vyeupe vya plastiki jua linavikata mapema.

Mwisho wa hatua hii: maji hutembea juu ya waya. Kabla waya haujaingia ukutani, uache ulegee chini ya tundu kisha upande tena, matone yadondokee pale chini. Tundu liinamie nje. Na kwenye boksi, waya uingie kwa chini, kamwe usiingie kwa juu.

Hatua ya 5: Ethi na radi

Fremu zote, reli, inveta na rodi ya ardhini zifungwe pamoja, ethi iwe moja. Kinga ya radi upande wa paneli na upande wa gridi pia.

Hatua ya 6: Kabla ya masika

Barabara ikikatika, kipuri kilichoko Dar es Salaam hakipo. Acha kwenye boksi kavu fyuzi, breka moja, jozi nne za viunganishi vya kampuni ile ile, na kinga ya radi moja.

Kisha mfundishe nesi kuzima maji yakikaribia: mzigo, paneli, betri, kwa mpangilio huo. Weka namba 1, 2, 3 kwa rangi kwenye swichi zenyewe. Mwambie wazi kwamba kama maji yameshafika kwenye vifaa asiguse kitu, na kwamba maji yakiondoka hakiwashwi chochote kilichozama mpaka fundi akioshe kwa maji safi, akikaushe na kukipima kwa mega (mita ya kupima kama umeme unavuja). Usiondoke mpaka kila nesi wa zamu azime na kuwasha mwenyewe mara mbili mbele yako, mara ya pili iwe usiku, kwa tochi.