Unataka kwenda kuangalia ndege Bengaluru? Jipange kuanzia usiku wa kuamkia

Sisi wa Afrika Mashariki tunaosoma au kufanya kazi Bengaluru, huku kusini mwa India, tuko wengi kiasi, na kila baada ya muda kuna mtu ananiuliza, we ndege unawaona wapi, mbona mimi naona foleni na maghorofa tu? Jamani ndege wapo, tena wengi sana, ila huwezi kuamka saa tatu, unywe chai taratibu, upande basi halafu utegemee kuwakuta. Saa tatu jua limeshakuwa kali na wengi wameshatulia kwenye majani, kwahiyo asubuhi ya ndege unaipanga usiku wake, na mambo mengine unayapanga wiki nzima kabla.

Anza na msimu. Mwezi wa 11 mpaka wa 3 ndio wakati mzuri kuliko wote, mvua kubwa zimeisha, na ndege wanaokimbia baridi ya kaskazini, wengine wanatoka mbali huko Siberia, wanakuwa wamefika. Mwezi wa 1 jua linachomoza kama saa 12 na dakika 45 asubuhi, we uwe umeshafika getini wakati huo, sio ndio unafunga kamba za viatu. Na usidanganyike kwamba India ni joto tu, Bengaluru iko juu, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, alfajiri ya mwezi wa 12 bila sweta utatetemeka.

Halafu chagua sehemu, na hapa lazima nieleze kidogo. Maziwa ya Bengaluru mengi sio ya asili, ni mabwawa yaliyochimbwa na kuzibwa na watu, mengine yana mamia ya miaka, ya kumwagilia mashamba na kunywesha mifugo. Ndege wa maji wa mji huu karibu wote wanaishi humo. Sasa mji umekua vibaya mno, sensa ya 2011 ilishahesabu watu zaidi ya milioni 8, na mabwawa mengi yamefukiwa, stendi kubwa ya mabasi ya Majestic yenyewe imejengwa palipokuwa bwawa, uwanja wa Kanteerava hivyohivyo. Kwahiyo kabla hujaenda ziwa lolote uliza hali yake ya wiki hiyo, lina maji? limechafuka? linachimbwa? Bellandur lilishawahi kutoa povu jeupe likamwagika mpaka barabarani, na likawaka moto, ndio, ziwa linawaka moto, 2015 na tena 2017. Kwenye apu ya eBird watu wanaandika walichoona na tarehe, fungua uone kama kuna mtu ameenda karibuni.

Kama ni mara yako ya kwanza nenda Lalbagh, bustani ya tangu enzi za Hyder Ali, mtawala wa huku miaka ya 1700, ina ekari 240 na kituo cha metro kina jina hilohilo, ila Jumapili metro inachelewa kuanza kwahiyo angalia ratiba. Ukishazoea nenda ziwa la Jakkur kaskazini mwa mji, utaona mwari, korongo, yangeyange na mdiria. Kuna mdiria mmoja wa huku napenda kumuelezea, kichwa rangi ya kahawia kama chokoleti, kifua cheupe, mdomo mwekundu mnene, anakaa kwenye waya kama hana habari, halafu akiruka mgongo unawaka bluu moja kali mpaka unashtuka, maana alivyokuwa ametulia hukuijua yote.

Za mbali ni Ranganathittu, visiwa vya mto Kaveri karibu na Mysuru, na Kokkare Bellur, kijiji kiko kama kilomita 80 kutoka mjini. Hapa Kokkare Bellur korongo na mwari wanazalia juu ya mikwaju na miti mingine katikati ya nyumba za watu, mama anafua chini, juu yake makinda yanapiga kelele ya kudai samaki, na wanakijiji wanaokota kinyesi cha ndege hao wanapeleka shambani kama mbolea. Nenda kati ya mwezi wa 1 na wa 5, ukienda mwezi wa 8 utakuta miti tu.

Usafiri wa kurudi upange kabla ya wa kwenda. Mimi niliwahi kwenda Hesaraghatta, kule kwenye mbuga ya majani pembeni ya bwawa lililojengwa 1894 kuleta maji mjini, nilifuata ndege wawindaji wanaopita chini chini juu ya nyasi wakitafuta panya, kwenda niliita gari kwa simu fresh kabisa, kurudi kila dereva anakataa, chaji imebaki asilimia 4, nikatembea juani zaidi ya saa nzima mpaka nikapata basi. Tangu siku hiyo naongea na dereva mmoja asubuhi, anasubiri, tunakubaliana bei mapema, na pawabanki haitoki kwenye begi. Beba pia noti ndogondogo, wauza chai wengi siku hizi wanataka uskani kwa simu na kama huna akaunti ya benki ya huku utakwama, na beba kopi ya pasi na kibali chako cha kuishi, maana maeneo ya misitu wageni wanaulizwa vitambulisho na kiingilio chao kiko juu kuliko cha wenyeji.

Darubini tafuta ya 8x42, maana yake inavuta mara 8 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42, usikimbilie zinazovuta mara 20, mkono ukitikisika kidogo tu huoni kitu. Nguo ziwe za rangi ya majani au udongo, suruali ndefu uichomeke ndani ya soksi, kofia, maji lita moja na nusu, kidaftari na penseli. Basi.

Usalama tusiuchukulie poa. Pembeni ya maziwa kuna mbwa wa mitaani, ukiwakuta usikimbie, simama, rudi nyuma taratibu. Akikung'ata osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa, usisubiri uone. Nyoka wapo, swila na wenzake, kwahiyo usitie mkono usipopaona. Namba ya dharura nchi nzima ni 112, ambulensi 108, ziseti kwenye simu kabla hujatoka. Na msitu wa Bannerghatta una tembo na chui, huko usijiingilie mwenyewe kwa njia za panya, nenda na waliopewa ruhusa.

Kitu ninachokiombea kwa moyo wote ni viota. Usisogee ili upate picha nzuri, usikate tawi linalokuzuia, na usipige sauti ya ndege kwenye simu ili atoke. Yeye anadhani mwenzake amevamia eneo lake, anaacha mayai anakuja kupigana na spika yako, na huku nyuma kunguru anafanya kazi yake. Kunguru hawa mnawajua, ni walewale walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 kula takataka, na sisi wa pwani tunajua wanavyomaliza mayai ya ndege wengine.

Mwisho jifunze maneno mawili ya Kikannada kabla hujaenda, namaskara ni salamu na hakki ni ndege. Asubuhi moja nilimsalimia mlinzi pale ziwani, nikaonyesha darubini nikasema hakki, akaacha fimbo yake akanishika mkono mpaka kwenye mti mkubwa uliopasuka, akanyoosha kidole. Kwenye tundu walikuwa wamekaa bundi wawili wadogo, hawafiki hata kimo cha chupa ya soda, wamebanana bega kwa bega, macho ya njano yanatutazama. Mti huo nilikuwa nimeshaupita mara tano.